Uzi maalumu: Kiangazi cha bustani, cherehani na rangi nyumbani

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kila uzi wa bustani unaoanzishwa humu huishia kwenye hesabu ya ekari moja ya matikiti na mamilioni yanayotarajiwa baada ya miezi mitatu. Sina ugomvi na hesabu hizo, ila uzi huu unahusu jambo jingine: namna mtu mwenye ua mdogo wa nyumba, cherehani moja na makopo machache ya rangi anavyoweza kuitumia miezi ya Juni hadi Septemba kwa kazi hizo tatu bila moja kuimeza nyingine. Naandika kutoka Dar es Salaam, kwenye kichanga cha pwani, kwa hiyo mkazi wa Njombe au Lushoto, ambako mwezi wa Julai watu hulala na mablanketi mawili, asizichukue tarehe zangu kama zilivyo.

Watu wengi wanaojaribu kuchanganya kazi hizi hulalamika kwamba muda hautoshi. Kwa maoni yangu, kinachogombewa hasa ni maji na mwanga, na vyote viwili vinapangwa na jua na upepo wa kusi. Asubuhi, kabla upepo wa baharini haujapata nguvu, hewa imetulia na mwanga wa barazani ni mweupe. Hiyo ndiyo saa ya kuchora, kwa sababu rangi ya mafuta inayokauka polepole hunasa kila vumbi linalopita. Kuanzia saa 6 mchana jua linapokuwa la utosi, mtu huingia ndani kwenye cherehani lililowekwa karibu na dirisha. Jioni, jua likishalegea, ndipo maji yanapokwenda bustanini, kwa sababu maji ya mchana kwenye kichanga hupotea kabla mizizi haijayaona. Asubuhi bustanini ibaki kuwa saa ya kukagua na kuchuma tu. Mpangilio huu una sababu nyingine ambayo wachoraji wanaijua vizuri: rangi haichanganywi jioni. Mwanga wa saa 11 una umanjano unaodanganya, na kijani ulichoridhika nacho magharibi utakikuta kesho yake kimekuwa cha buluu iliyopoa.

Nianze na bustani. Kichanga chetu hakishiki maji wala mbolea, kwa hiyo tuta la kuinuliwa, ambalo ni zuri wakati wa masika, kiangazi huwa ni kujitafutia kazi. Linalofaa ni tuta la kuzama, lile ambalo mabwana shamba huliita mbonyeo: unachimba kina cha kiganja kimoja au zaidi kidogo, unachanganya udongo na samadi iliyooza pamoja na mboji, unaurudisha ukiwa chini ya usawa wa njia, kisha unafunika nafasi kati ya mimea kwa nyasi kavu. Maji yanabaki pale ulipoyamwaga, na matandazo yanalizuia jua lisiyanywe kabla ya mmea.

Mchicha ndio mboga ya kuanzia, na kosa linalojirudia kwa wengi ni kumwaga mbegu kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, nyeusi na zinateleza. Ukizishika peke yake zitaanguka chungu mahali pamoja na nyingine hutaziona zilikokwenda. Changanya na mchanga mkavu uliochekechwa, kiasi cha mchanga kikizidi mbegu mara kadhaa, kisha mimina mchanganyiko huo kwenye vijifereji vilivyoachana kama sentimita 20 na ufukie kidogo mno, kiasi cha kuzificha tu. Katika joto la pwani huchomoza ndani ya wiki moja, na baada ya wiki tatu hadi nne unaanza kung'oa iliyosongamana, ukiacha iliyobaki ipanuke. Bamia hupandwa moja kwa moja shambani baada ya mbegu kulowekwa usiku kucha. Zikianza kuzaa, zichumwe kila baada ya siku mbili, la sivyo zitageuka kuni. Matembele hayahitaji mwalimu.

Nyanya zina shida yake. Kiangazi huzipunguzia ukungu unaoletwa na mvua, lakini ukavu huohuo unampendeza kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika Kusini ambaye aliripotiwa nchini mwaka 2014 na tangu hapo hajaondoka. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani, akala nyama ya katikati na kuacha ngozi mbili nyembamba zinazopitisha mwanga, hivi kwamba ukiliinua jani kuelekea jua unamwona akiwa humo ndani pamoja na uchafu wake mweusi. Majani ya namna hiyo yatolewe na kuzikwa au kuchomwa, yasiingizwe kwenye mboji. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, zikalowekwa usiku mmoja, zikachujwa na kutiwa sabuni kidogo, husaidia zikianza kutumika mapema, na zipulizwe jioni kwa sababu jua huiharibu nguvu yake.

Kuhusu ushonaji, cherehani la mguu linatosha kabisa, na katika mtaa ambao umeme hukatika hilo ndilo cherehani la maana. Kwa kitenge cha kawaida sindano namba 14 hufaa. Kwa kitambaa chepesi namba 11. Kabla ya mkasi kugusa kanga au kitenge kipya, kitambaa kilowekwe, kikaushwe na kupigwa pasi. Wengine huweka chumvi ndani ya maji wakiamini kwamba rangi itashika. Mimi naona faida kubwa iko kwenye maji yenyewe, kwa kuwa pamba husinyaa, na gauni lililoshonwa kabla ya kitambaa kusinyaa litambana mwenyewe baada ya kufuliwa mara moja.

Kwa anayeanza ningependekeza mfuko wa sokoni wa vipande. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba inauhitaji, na mafundi wengi wana magunia ya vipande vya vitenge ambavyo hawajui wavifanyie nini. Mfuko una mishono iliyonyooka tu, ila unakufundisha jambo moja gumu, nalo ni kona ya chini. Ukishaunganisha pande zote mbili na chini, ugeuze mfuko ndani nje, ibane kona hadi mshono wa pembeni ulale juu ya mshono wa chini, kisha shona mstari unaoikata mishono hiyo kwa pembe mraba, kama sentimita 5 kutoka kwenye ncha. Ncha iliyobaki inakatwa, na mfuko unapata kitako cha kusimama. Mpini ushonwe kwa mraba wenye msalaba ndani yake, kwa sababu mfuko wa viazi haukatiki katikati, hukatika pale mpini ulipoungwa.

Sanaa nimeiacha mwisho kwa makusudi, maana ndiyo inayoogopwa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar es Salaam, eneo la Oysterbay, akitumia vipande vya mraba vya mbao za ukandamizo (hardboard) zilizotengenezwa kwa ajili ya dari na rangi za kung'aa za aina inayopakwa kwenye baiskeli. Hakusomea chuo chochote cha sanaa. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo kazi yote tunayomhusisha nayo ilifanyika ndani ya miaka minne hivi, na ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza hadi ikawa jina la mtindo mzima. Ukizitazama kazi zake mwenyewe, nyingi zina mnyama mmoja tu, mandhari ya nyuma ya rangi moja, na mistari iliyowekwa na mkono usio na haraka. Utaratibu wake unafaa sana nyumbani: mandhari hupakwa kwanza na kuachwa ikauke kabisa, umbo kubwa hufuata, nalo likauke, na nukta na mistari huja mwisho. Wakati wa masika kungoja huko kunachosha kwa sababu ya unyevunyevu; kiangazi tabaka moja hukauka mapema zaidi.

Anayeanza asikimbilie twiga na Mlima Kilimanjaro. Achore kilichomo uani kwake: jani lililoliwa na kantangaze, ua la bamia ambalo ni la manjano hafifu na moyo wa zambarau iliyoiva, kuku wa jirani. Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Mkuu, heshima yako. Umeandika vizuri, lakini umekwepa swali ambalo kila msomaji analo. Mtu atumie miezi minne kwa mchicha wa uani, mifuko na picha za kuku; mwisho wa siku anapata nini? Huyo Tingatinga unayemtaja aliuza picha zake kwa wageni waliokuwa wakiishi Oysterbay, hakuzitundika sebuleni kwake.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hilo silikatai. Tingatinga aliuza, na waliomfuata wamekuwa na chama chao cha ushirika tangu mwaka 1990 ambacho kimewalisha watu na familia zao. Fedha haikuiharibu sanaa ile. Kilichoidhoofisha, kwa jicho langu, ni mnunuzi mmoja kuzoeleka mno, hata mchoraji akajua kabla ya kushika brashi kwamba kinachotoka ni tembo, twiga na machweo, na mkono ukaacha kutafuta. Mtu anayechora bila mnunuzi kwa kiangazi kimoja ana nafasi ambayo hata fundi mkubwa hana, ya kuchora kitu ambacho hakijaombwa. Akitaka kuuza mwaka ujao, atakuwa na kitu chake cha kuuza.

Kuhusu mchicha, sitaandika hesabu ya shilingi kwa sababu bei ya mafungu hupanda na kushuka kila wiki. Nitasema tu kwamba nyumba yenye matuta mawili yanayopandwa kwa kupishana wiki mbili haiendi gengeni kutafuta mboga za majani, na mboga inaingia jikoni ikiwa bado na umande.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Hamjambo nyote. Nataka kuongeza neno kuhusu vipande, kwa sababu kuna wanaodhani kushona viraka vya rangi ni mtindo wa kuletwa juzi kutoka ng'ambo. Leso zenyewe, ambazo ndugu zetu wa Tanzania mwaziita kanga, husimuliwa kuwa zilianza katika karne ya 19 kwa wanawake wa pwani kununua vitambaa vya mraba vya mkononi, ambavyo vilikuwa vikiuzwa vikiwa vimeshikana, na kuviunganisha sita, vitatu juu na vitatu chini, wapate nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaona ni heri nguo ichapwe nzima. Hapa kwetu Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zilitambulika kwa alama ya Mali ya Abdulla, alianza biashara mwaka 1887. Kwa hivyo anayeunga vipande kwenye cherehani lake anarudia kazi ambayo bibi zetu waliianza.

Ombi langu kwa washonaji ni moja. Mkikata leso kushona nguo au mfuko, msiyakate maandishi katikati. Pindo linaweza kukatwa, mji, yaani sehemu ya katikati, unaweza kukatwa, lakini jina, yaani hayo maandishi, liachwe zima, hata ikibidi likae kwenye mgongo wa mfuko.

Mchangiaji kutoka Unguja

Wanangu, mmesahau kazi ya mkono. Cherehani lina wakati wake, lakini usiku, baada ya kula, sisi hushika kofia. Kitambaa cheupe cha pamba huchorwa kwanza mapambo yatakayofuatwa, kisha vishimo hutobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi hadi ukingo uwe mgumu na wa mviringo kamili. Kofia ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na zinashonwa kila moja peke yake kabla ya kuunganishwa mwishoni. Kofia nzuri inaweza kukuchukua mwezi na zaidi, na vishimo hivyo si pambo tu. Ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani. Anayejifunza asianze na kofia nzima. Achukue kipande cha kitambaa ukubwa wa leso ya mkononi, ajaze vishimo mstari baada ya mstari, na asiondoke kwenye mstari mpaka vifanane.

Mleta uzi

Shikamoo mama, na ahsante. Umeniziba pengo la usiku, maana mimi saa za taa nilikuwa nimeziacha tupu. Cherehani na kitambaa cheusi usiku huyachosha macho. Ndugu wa Mombasa, ombi lako nimelipokea, na nitaongeza kwamba kitambaa cha marekani, yaani pamba ya kawaida isiyopaushwa, kinafaa kwa kazi zote mbili: washonaji hukitumia kujaribia vipimo kabla ya kukata kitambaa cha bei, na mchoraji anaweza kukiwamba kwenye fremu, akakipaka tabaka mbili za rangi nyeupe ya maji na kuwa na turubai nzuri ya kuchorea.

Mchangiaji kutoka Tanga

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, kisima chetu kina maji ya chumvi. Je, bustani inawezekana? Pili, nimejifunza batiki, ile ya kuziba sehemu za kitambaa kwa nta kabla ya kukitia rangi, na ningependa kujua kama maji ya rangi yanaweza kumwagiwa miti, kwa sababu kiangazi kumwaga maji ovyo kunauma.

Mleta uzi

Dada yangu, nianze na la pili kwa sababu lina hatari: usithubutu. Rangi nyingi za batiki tunazotumia huyeyushwa kwa kemikali mbili kali, kostiki na haidro (sodium hydroxide na sodium hydrosulphite), na maji hayo yanaunguza ngozi, sembuse mizizi. Vaa glovu, fanyia kazi mahali penye hewa, tia kostiki ndani ya maji na kamwe usimimine maji juu ya kostiki, na maji yaliyotumika yasimwagwe bustanini wala karibu na kisima. Maji ya kusuuzia mboga na mchele ndiyo yaende kwenye matuta.

Kwa kuwa umeigusa batiki, niseme kwamba ndiyo kazi inayowaunganisha mshonaji na mchoraji kuliko nyingine yoyote, na kiangazi ndio msimu wake. Nta ya mishumaa peke yake huvunjikavunjika kitambaa kikikunjwa, na rangi hupenya kwenye nyufa na kuacha ile mishipa myembamba ambayo wengi huipenda. Ukichanganya na nta ya nyuki, inakuwa laini na mistari yako inabaki safi. Kiasi gani cha kila moja ni uamuzi wa kisanaa, mjaribu kwenye vipande kwanza. Maji ya rangi yasiwe ya moto kiasi cha kuyeyusha nta. Na usishtuke kitambaa kikitoka kwenye beseni na rangi ambayo hukuikusudia, kwa sababu rangi hizi hujidhihirisha zikikutana na hewa. Kitundike kivulini penye upepo, ukitazame kikibadilika taratibu kuanzia kwenye kingo, ambako hewa huingia kwanza, kuelekea kwenye mikunjo.

Wanaoogopa kemikali wanaweza kuchemsha maganda makavu ya vitunguu pamoja na shabu, ambayo huuzwa kwenye maduka ya dawa za asili, wakapata manjano inayoelekea kahawia kwenye pamba. Bizari ya manjano hutoa rangi ya kuvutia zaidi siku ya kwanza, lakini jua huifuta. Msiipake kwenye pazia. Magome ya mkoko hutoa wekundu wa kahawia, ila mikoko yetu inalindwa na kuikata bila kibali ni kosa, kwa hiyo tuiache.

Kuhusu chumvi, inategemea ni nyingi kiasi gani. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii. Ile mboga yenye majani mapana na mashina meupe tunayoiita spinachi huvumilia vizuri zaidi, na mnazi haujali. Mwagilia kwenye shina bila kulowesha majani, tandaza nyasi nene ili maji yasipande juu na kuacha chumvi kwenye uso wa udongo, na ukipata maji ya bomba au ya mvua, mara mojamoja yamwage kwa wingi ili yaishushe chumvi chini ya mizizi.

Mchangiaji kutoka Minneapolis

Wakuu, salaam kutoka Marekani. Huku kiangazi ndicho msimu pekee wa kulima, kwa sababu baridi kali inaweza kuua miche hadi katikati ya Mei na kurudi tena kabla au baada kidogo ya mwisho wa Septemba. Tunaotoka Afrika Mashariki hukodi vijishamba vya pamoja vya mtaani, na mchicha hukubali kabisa Julai. Bamia huanzishwa ndani ya nyumba kwenye vikopo dirishani, kisha hutolewa nje udongo ukishapata joto. Mwezi wa Juni jua huku huzama karibu saa 3 usiku, kwa hiyo ile ratiba ya mleta uzi haitufai hata kidogo: tunatoka kazini, tunamwagilia, tunachora, na bado kuna mwanga. Cherehani sisi tunalifungua Novemba, theluji ikianza.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Nimesoma yote. Watoto wako nyumbani likizo ya Juni na nyumba imekuwa uwanja wa mpira. Nianze na ipi kati ya hizi tatu?

Mleta uzi

Ndugu, kesho asubuhi chimbeni tuta moja tu na mpande mchicha jioni, kwa sababu watoto wataona kitu kabla ya wiki kuisha na watakuwa na sababu ya kurudi hapo kila siku. Kabla haujachomoza, nenda kwa fundi wa mtaani kwenu ukaombe vipande. Wakubwa washone kwa mkono vifuko vya kuwekea mbegu, wadogo wapange rangi sakafuni kabla ya kushonwa, na hilo la kupanga rangi tayari ni uchoraji, waachie walifanye wenyewe bila kuwasahihisha. Rangi za mafuta ziwekwe mbali na wadogo. Watumie rangi za maji. Mche mmoja wa mchicha uachwe usivunwe hadi utoe suke. Suke likianza kukauka likatwe, likung'utwe juu ya gazeti, na mbegu zipepetwe na kuwekwa ndani ya kifuko kimojawapo, kikiwa kimeandikwa mwezi.